Somo la Jumatatu

Kahama, Jumatatu usiku

Na mimi ndiye niliyemwambia aseme.

Kila Jumatatu, kabla ya kuwasha mashine, mafundi wa karakana yetu tunakaa kidogo na mmoja anaeleza alichokosea wiki iliyopita, wenzake wajifunze. Nilianzisha mimi. Kuwazoesha kulinitoa jasho, maana huku kusema kosa lako mbele za watu ni aibu.

Leo Masanja ameeleza alivyofunga vibaya mkanda wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ukachomoka na nusura umpige mteja. Wenzake wakauliza maswali mazuri, hata wakacheka naye. Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Saa sita Masanja akaambiwa akusanye vitu vyake.

Nikamfuata bosi kumuuliza kwa nini amemfukuza. “Mama Neema, si amekiri mwenyewe?” akanijibu.

Masanja hakunilaumu. “Haya mama, asante kwa somo.” Bora angenitukana.

Jioni nikauliza nani ataeleza Jumatatu ijayo. Wote wakainama kufuta spana ambazo tayari zilikuwa safi.

Kuanzia leo karakana yetu haina mtu anayekosea. Mungu awalinde wanaosimama karibu na mikanda tunayofunga.