Udongo Juu ya Paa la Rakeli

Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo hakuna hata wa kutikisa jani, na upande wa Sekenke kuna mawingu meusi yamekaa tu, hayaji wala hayaondoki. Mbwa wangu hajala tangu juzi. Analala katikati ya uwanja, mbali na kivuli cha nyumba.

Naandika mwenyewe, mimi Mkumbo. Darasa la watu wazima tuliingia wazee kumi na tisa, tuliomaliza kitabu cha pili ni watatu, na katika hao watatu mwandiko unaosomeka ni wangu. Mwalimu alisema kila mtu aandike ukurasa mmoja kwa siku hata kama hana la kusema. Leo ninalo.

Ardhi imetikisika mara nne. Ya kwanza ilikuwa Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Sauti ilitangulia, kama lori lenye mzigo linapanda mlima. Nikageuka kutazama barabarani, barabara tupu. Kisha miguu yangu ikawa si yangu. Ya pili jana alfajiri, ya tatu jana jioni, na ya nne leo, hiyo nitaifikia. Ukuta wa darasa la pili umeanguka, heri haikuwa siku ya masomo. Vihenge vitatu vya mtama vimelala chini. Maji ya kisima yametoka mekundu na yananuka kama yai bovu.

Ng'ambo ya bonde ni mbaya zaidi. Bwana afya alipita kwangu jana na baiskeli, anakwenda kutafuta gari la kupeleka majeruhi hospitali ya Kiomboi. Alikunywa maji akiwa amesimama. Alisema tembe mbili zimeshuka, na chini ya moja wametoa mama na watoto wake wawili. Nikamuuliza kama ni magogo yaliyowapiga. Akasema magogo hayakuwagusa, hawana hata mchubuko. Ni udongo. Udongo uliwajaa mdomoni na puani.

Udongo wa paa.

Anayesoma hapa labda ni mtu wa nyumba za mabati, basi nimweleze. Tembe ni nguzo kwanza. Juu ya nguzo unalaza magogo, juu ya magogo fito, juu ya fito majani, na juu ya majani udongo, unausindilia mpaka paa linakuwa kama uwanja. Unaanika mtama juu yake. Na kila mwaka kabla ya mvua unapandisha udongo mpya, maana wa zamani umepasuka kwa jua na utavujisha. Mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka. Tunaitana, mwenye nyumba anapika pombe ya mtama, wanaume wanapanda na vikapu.

Kijiji hiki nimejenga tembe kumi na moja. Hakuna mwingine aliyejenga hata nne. Paa langu lina unene wa shibiri tatu, na mvua ikinyesha siku saba mimi nalala pakavu, na wenye nyumba za nyasi wanakuja kwangu na magodoro kichwani. Hilo hata mwenyekiti wa kijiji analijua, alishalala kwangu mwaka ambao paa lake lilivuja.

Jana baada ya habari ya ng'ambo mwenyekiti aliitisha mkutano. Wengine walisema ni hasira ya Mungu. Wengine wakasema ni kwa sababu tulipohamishiwa kijijini tuliacha makaburi ya wazee wetu peke yao kule, na wazee wanagonga. Mimi nilikuwa upande wa hao wa makaburi, na mpaka leo sijatoka huko kabisa.

Halafu akasimama mwalimu wetu, binti wa Kiomboi, umri wa mjukuu wangu. Alikuja na matofali mawili ya udongo. Akayabana pamoja ubavu kwa ubavu, akasukuma moja mbele na jingine nyuma. Yakakwama. Akasukuma zaidi. Yakakwama. Kisha yakaachia ghafla na mikono yake yote ikaruka, vumbi likatoka. Akasema chini yetu kuna mwamba mnene, na nchi hii inavutwa huku na huku polepole, polepole kuliko kucha inavyokua, miaka na miaka. Mwamba unakwama, unavumilia, siku moja unaachia. Mteremko ule wa Sekenke ambao malori yanaulilia yakienda Shelui, akasema ule ni kovu, upande mmoja ulishuka zamani sana kabla ya babu wa babu zetu. Akasema mwamba ukiachia mara moja unaweza kuachia tena, leo au mwezi ujao, hakuna ajuaye.

Nilikuwa naendelea kumsikiliza vizuri mpaka aliposema tetemeko lenyewe haliui mtu aliye uwanjani, kinachoua ni kilicho juu ya kichwa chake. Akasema watu walale nje, na udongo upunguzwe kwenye mapaa.

Hapo nikasimama. Nilimuuliza, yeye mwalimu, amejenga nyumba ngapi.

"Sijajenga hata moja, babu," akasema. "Lakini wewe unajua uzito wa kikapu kimoja cha udongo. Kwenye paa lako umepandisha vingapi?"

Watu wakanitazama. Nikawaambia mimi sihesabu vikapu, nahesabu mvua zilizoshindwa kuingia. Nikasema nyumba za ng'ambo zimejengwa na wavivu. Nikasema nyumba ya Mkumbo haianguki, ina nguzo za mninga, na mimi nitalala ndani, na anayelala chini ya kazi ya mkono wangu alale asivuruge usingizi wake kwa ajili ya matofali mawili. Wakacheka mpaka mwenyekiti akacheka. Aliyecheka kuliko wote ni mdogo wangu Rakeli. Mwalimu alikusanya vipande vya matofali yake kwenye kanga akakaa.

Na watu wakalala ndani. Kwa neno langu.

Rakeli ni mjane, anakaa na wajukuu wawili, wasichana wadogo. Tembe yake niliijenga mimi mwaka ule wa kuhamia kijijini. Kesho Jumatano ndiyo siku ya kupandisha udongo kwake. Pombe imekwisha kuiva. Wanaume kumi niliwaita mimi mwenyewe wiki iliyopita.

Sasa niandike lile lililonifanya nichukue kalamu.

Nguzo za nyumba ya Rakeli si mninga.

Mwaka ule tulipewa siku chache, lori likaja, wakasema vitu vyote juu. Mninga uko mbali, unahitaji mkokoteni na ng'ombe wanne, na ng'ombe wote walikuwa wanahamisha watu. Mvua ilikuwa inakuja. Nikakata miti laini ya mtoni, iliyonyooka vizuri, inayopendeza macho. Nikaikandika udongo na mavi ya ng'ombe kutoka chini hadi juu ili isionekane. Rakeli aliponiuliza nikamwambia ni mninga wa Wembere, nyumba hii itazika wajukuu wako. Nilisema vile kumsifia nyumba.

Asubuhi hii alipokwenda mtoni kuchota maji na wajukuu niliingia nyumbani kwake. Nilijiambia nakwenda tu kutazama. Nikachimba kidogo chini ya nguzo ya katikati, nikabandua udongo, nikachoma kisu. Kisu kiliingia mpaka mpini. Kama kiazi kilichopikwa. Mchwa wamekula ndani wakaacha ganda, na juu ya ganda hilo kuna udongo wa miaka yote niliyopandisha mimi.

Nikarudisha udongo. Nikaupapasa kwa kiganja ukawa laini kama zamani. Ndiyo, nilifanya hivyo. Mtu wa umri wangu.

Nikaenda kukaa kwangu. Nikafikiri labda niseme nimeumwa, kazi iahirishwe. Labda niseme mvua itachelewa. Niliona wanaume kumi juu ya paa lile, na vikapu vyao, na Rakeli chini akiwasha moto. Niliona wajukuu.

Saa tisa nikarudi kwake. Alikuwa anachuja pombe mlangoni, mikono imejaa machicha mpaka kwenye viwiko. Nilianza na uongo, sifichi. Nikamwambia mawingu yale si ya mvua, tungoje wiki mbili. Hakuinua hata kichwa. Akasema pombe haingoji wiki mbili, itakuwa siki, na je, mzee wa mkutano jana alikuwa nani, au alikuwa mtu mwingine aliyevaa koti la kaka yake.

Nikasema tena, labda mwaka huu paa lako lipumzike.

"Umeogopeshwa na mwalimu," akasema, na anacheka. "Kaka Mkumbo kaogopeshwa na binti wa matofali. Ngoja wakusikie kesho."

Nilitaka kukasirika. Hasira ingenisaidia, ningeondoka. Lakini mjukuu wake mdogo alikuwa ameegemea nguzo ya katikati, ile ile, anakula kiporo cha ugali, na anajikuna mgongo kwenye nguzo kama mbuzi.

Nikamwambia Rakeli nguzo si mninga.

Akaacha kuchuja.

"Umejua lini?"

"Siku niliyozisimamisha."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, kisha akawaita wajukuu kwa sauti ya kawaida, akawaambia wakakae kule kwenye uwanja wa kupuria mtama na wasirudi mpaka awaite. Akaingia ndani. Akatoa vitanda vyao vya kamba. Akatoa sanduku. Akaingia tena kuchukua mtungi wa pili wa pombe, nikamwambia auache, akasema ameupika yeye, hauachi. Basi nikaingia nyuma yake.

Tulikuwa tumeushika mtungi, yeye huku na mimi huku, sauti ile ya lori ikaja.

Nitaandika jinsi ilivyokuwa. Niliachia mtungi. Sikukimbia mlangoni na sikumvuta dada yangu. Nilikumbatia nguzo. Mikono yote miwili, na kifua, na shavu. Nilikuwa nazuia paa lote na mwili wangu huu mzee, na udongo ulikuwa unashuka kwenye shingo yangu taratibu kama mtu anamimina unga. Nguzo ilikuwa inalia ndani. Nilimwambia Rakeli toka. Hakutoka, alikuwa ameganda na mtungi uliovunjika miguuni, pombe imetapakaa sakafuni. Nikamwambia, "Toka, mama, tafadhali." Sijapata kumwambia mtu tafadhali. Akatoka.

Ilipita. Labda ilikuwa fupi kama kusema Baba Yetu nusu. Niliachia nguzo kwa kidole kimoja kimoja, kama yeye alivyofuta mikono, nikatoka kwa kutembea, maana niliogopa hata kukimbia kungeiangusha.

Nyumba imesimama. Imeinama kidogo upande wa zizi. Ufa umetoka mlangoni mpaka juu, ngumi yangu inaingia.

Tulikaa kwenye uwanja wa kupuria, wajukuu katikati. Rakeli alinipangusa udongo shingoni kwa upindo wa kanga yake, na alipangusa kwa nguvu, mpaka pakauma.

"Kesho wanakuja," akasema. "Mtungi mmoja umebaki. Mimi nitagawa pombe. Maneno utasema wewe."

Basi nitasema. Nitasimama mbele ya wanaume kumi, na mwalimu nitamwita awepo, nimwambie mbele yao kwamba la matofali alikuwa sahihi na la nguzo nilidanganya. Nitawaambia vikapu viwe vya kushusha udongo, kwa Rakeli na kwangu pia. Wa kwanza kupanda nitakuwa mimi, na kwa kamba kutoka nje, mtu asisimame katikati. Watacheka. Mwaka mzima watacheka, na mvua ikija mimi na dada yangu tutalowa kama wengine.

Hilo la kucheka nimelimaliza. Lililobaki ni jingine.

Mwaka ule wa lori sikujenga nyumba ya Rakeli peke yake. Nilijenga tano, pamoja na yake. Miti ilitoka mtoni, mtoni pale pale. Nyumba ya Yona fundi baiskeli, yenye watu saba. Nyumba ya Shani na mama yake asiyeinuka kitandani. Nyumba ya balozi wetu wa nyumba kumi. Na ya nne ni ya mwenyekiti, ambaye jana alicheka.

Jua linashuka sasa na wote nawaona kutoka hapa nilipokaa. Moshi unatoka kwao. Wamo ndani wanapika.

Nilipanga niwaambie kesho, wote kwa pamoja, kwa utaratibu. Nimeandika mpaka hapa nikaona neno hilo, kesho, na mwalimu alisema hakuna ajuaye.

Naweka kalamu. Naanza na mama yake Shani, maana huyo atahitaji kubebwa.