Kinu ya Mama Kanyere na Mwangaza ya Achille

Weye Pile-Mbili wangu, musikilizaji wa radio ya betri mbili, unayepiga transistor kofi ndiyo iseme, sogea, ni mi Yaya Olive. Leo Achille wa mutaa wa Katindo ametuandikia barua.

"Yaya Olive, nisaidie mbele nipasuke, niko nafanya expérience, jaribio ya mwangaza mu chumba yetu, nimejifunza mi mwenyewe mu kitabu ya physique, unapunguza taa na bioo byenye kupakwa moshi mpaka punje za mwangaza zinapita moja moja, kila moja peke yake, taa iko ku meza, bitundu bibili byembamba nilikata na wembe biko ku kiti, karatasi ya photo ku ukuta, na kitabu inasema kisha majuma mingi karatasi itaonyesha mistari mistari, sawa mawimbi mbili ya ziwa zimekutana, lakini Yaya, punje iko moja, inakutana na nani? Basi mama mudogo Kanyere akakimbia vita ya Bunagana, akafika kwetu na batoto, anatwanga sombe, majani ya muhogo, ya kuuzisha, asubuhi mpaka mangaribi, nyumba yote inatikisika, karatasi ya kwanza ikatoka kijivu tupu, ya pili vilevile, njo nikamuambia aende atwangie kwa wakimbizi wenzake, akafunga mizigo, akabeba kinu na batoto, sasa analala chini ya bâche ya plastiki kule kambi ya Mugunga, mvua inanyesha, mama yangu hanisemeshe tena, na karatasi ya tatu imeshaanza, nikimurudisha, kinu itaiharibisha, nimufuate sasa ao ningojee imalizike?"

Achille, unanichokesha. Mutu anakimbia masasi, na mutoto wa dada yake anamufukuza juu ya punje? Mi pia nimejifunza physique bila mwalimu, na ile swali ya 'inakutana na nani?' inanisumbua sawa weye. Lakini kutikisika, jibu iko mu barua yako. Taa ku meza, bitundu ku kiti, karatasi ku ukuta: kila kitu inacheza ngoma yake. Pigilia byote bitatu misumari ku mbao moja, nguvu. Mbao ikitikisika, byote bitaenda pamoja, na mistari haitapotea hata camion ipite. Kinu haikukosa kitu. Ulimufukuza mama mudogo bure.

Karatasi ya tatu, tupa, utaanza ingine ku mbao. Leo, haiko kesho, nenda Mugunga, omba musamaha mbele ya batoto wake, na usimuanzie physique. Kinu utabeba weye, ku kichwa, pa barabara kubwa, benye kucheka bacheke.

Na weye unayetusikia: kama ungekuwa mama Kanyere, Achille amesimama pa mulango ya bâche yako, amelowana, ungekubali kurudi kwake?