Twiga wa Nyamai

Mbotela, Nyumba za Kanjo,
Nairobi.
Tarehe 12 Juni 2025

Kwa dada yangu mpendwa Nzisa,

Natumai barua hii itakukuta na afya huko Voi, na lile goti limetulia tangu uanze dawa ya kuchua. Sisi tu wazima. Wifi yako Selpher alishikwa na kikohozi kwa baridi hii ya Juni, lakini ameshapona na kelele zake zimerudi.

Najua unangoja habari za Nyamai. Kila ukipiga simu, humalizi kunijulia hali kabla hujamtaja. Hilo huniuma, dada, na leo nakwambia wazi. Mimi na wewe ni wa tumbo moja; yeye ni mtoto wa jirani tu aliyekuja kujifunza kuchonga kwa baba.

Miaka ishirini na sita tumeketi benchi moja pale kibandani. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika tezo. Basi mwezi wa tatu akaja mama mmoja mwenye duka la vinyago. Akamshika twiga wangu, akamrudisha mezani. Akamshika wa Nyamai, akasema huyu anamwangalia mtu. Akaagiza mia mbili. Nilimpongeza Nyamai, nikacheka naye.

Baada ya wiki mbili nilimpigia yule mama simu. Nikamwambia wale twiga si mpingo, ni mjakaranda uliopakwa rangi ya viatu. Na ni kweli. Sikuongeza neno hata moja. Ila kibandani kwetu hakuna asiyepaka, na aliyemwonyesha Nyamai namna ya kupaka ni mimi, mwaka ule mpingo ulipoadimika.

Mama akaja na kitambaa chenye mafuta ya taa, akamsugua twiga mmoja mbele ya watu. Kitambaa kikatoka cheusi. Akamuuliza Nyamai nani alimfundisha udanganyifu huo. Nilikuwa hapo ubavuni pake napiga msasa, na sikuinua macho.

"Nilijifunza mwenyewe, mama," akasema.

Tangu hapo wanunuzi wanampita. Ameamua kuhama, Jumapili anakuja huko kwenu kwa mjomba wake. Hajui nani alimchoma kwa yule mama. Huniambia mimi ndiye rafiki pekee aliyebaki naye. Kikulacho ki nguoni mwako, dada.

Nilidhani mtu akiota mvi wivu humtoka. Wapi! Hata sasa naona wivu kwamba atakunywa chai yako kabla yangu.

Nisalimie shemeji Nzomo na binti yenu Nzilani. Mungu awape mvua ya kutosha na mioyo safi kuliko huu wangu.

Nyamai ndiye anayekuletea barua hii. Mara tatu nimetaka kumwambia, na mara tatu mdomo umegoma. Bahasha sijaitia gundi. Safari ni ndefu, na kusoma anajua.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata kwa ubaya wangu,
Muthama