Kilichoonekana kwenye Boneti

Kaka yangu,

Huku wazima. Goti linamsumbua Mama, ila mdomo haujaguswa: anasema kwenye picha umekonda kama ufito.

Nimefunga taa mpya kwenye gereji ya nyumbani ninamong'arishia magari ya watu. Balbu moja ilikuwa inanidanganya. Mteja akitoa gari juani, mikwaruzo tele. Sasa taa mbili ndefu ziko darini na mbili ukutani, usawa wa milango, zinamulika kwa ubavu.

Jumamosi nilizijaribia kwenye gari ulilotuachia. Kaka, boneti imepakwa rangi upya, na chini ya rangi pamebonyea, upana wa mabega ya mtu. Ulituambia uligonga mbuzi, wiki ileile mume wa jirani yetu mshonaji alipookotwa barabarani. Ukasafiri kabla ya mazishi.

Nikizima taa, bado napaona. Jana mshonaji alichungulia: "Mwanangu, gereji inapendeza siku hizi!" Nilishindwa kumtazama usoni.

Nimemwomba aje Ijumaa, akae na mimi na Mama. Nitamwambia. Natamani ayasikie kwako kwanza.

Bado mdogo wako, hata leo.