Sahani Iliyorudi Tupu

Ibra, Jumanne, 1977

Sahani yangu imerudi tupu. Tangu tutoke Unguja kuja huku Uarabuni, mimi na jirani yangu Bi Zuwena hatujawahi kufanyiana hivyo. Mwenye kukosa kitu hutia japo ndimu mbili.

Na mkate wangu wa mchele ule, Ibra nzima hakuna anayeupika akanifikia!

Najua sababu. Juzi mwanangu Seif, askari anayependeza na sare kuliko wote hapa (wala si kwa kuwa nimemzaa), alikwenda na wenzake kwenye kambi ya wajenzi wa barabara kuwakamata wauza ulevi. Wakamkuta Nasoro, mtoto wa Bi Zuwena, na chupa zake.

Seif ndiye aliyemtia pingu.

Sahani kaileta Bi Zuwena mwenyewe, kasimama pale pale mlangoni. "Shoga, ulipougua nilimnyonyesha nani? Ziwa moja wamenyonya hawa. Hakukuwa na askari mwengine wa kumfunga?"

Nikaipokea sahani, akenda zake.

Seif aliporudi nikamvaa kwa maneno. Hakugusa chakula.

"Mama, Nasoro mwenyewe kaninyoshea mikono. Kanambia, nifunge wewe, nisifungwe na mtu nisiyemjua."

Akalia, mwanangu, na sare yake mwilini.

Nikavaa buibui niende nikamwambie Bi Zuwena maneno hayo, huenda yakampoza. Nimefika mlangoni kwake, nimepiga hodi, nimejitaja jina.

Ndani taa ikazimwa.