Kwa Fundi Wetu wa Makochi, na Muda Tulioongezewa

Mwaka umezunguka, Baba Watoto, tangu nyundo yako iliponyamaza nasi tukabaki tukiisikiliza. Wapo waliotuambia tutazoea. Hatujazoea. Asubuhi bado natoa kikombe chako kabatini, kisha nakirudisha.

Kwa wanaosoma hapa na hawakukujua: ulikuwa fundi makochi. Ulijaza misumari midogo mdomoni, ukawa unautoa mmoja kwa ulimi, unagonga, unatoa mwingine. Mteja akiuliza jambo ulimjibu "mh" tu, wakakubandika jina la Fundi Mh. Nyumbani tulizijua mh zako zote: ya ndiyo, ya hapana, na ile ndefu ya "niletee chai, mke wangu, nimekwama chini ya kochi."

Saratani ilipokushika kooni, mionzi ya hospitali iliichoma, ikakukausha na mate. Misumari ikawa inanata kwenye midomo. Ukaanza kuiweka kwenye kifuniko cha mkebe, mdomo ukabaki na nafasi, basi ukaongea! Miaka yote nilidhani nimeolewa na mtu mpole, kumbe ni misumari ndiyo iliyokuzuia. Nilipokwambia hivyo ulicheka mpaka ukatafuta chupa yako ya maji. Chupa ile hukuiacha tena. Hata wakati wa sala uliiweka karibu na miguu.

Matibabu yalipokwisha, daktari alisema mwili unaonekana safi, ila uwe unakwenda kutolewa damu mara kwa mara. Alitueleza kwamba ugonjwa wa aina yako ukitaka kurudi, huweza kuacha alama kwenye damu kabla picha hazijaona kitu. Kaka yako mkubwa hakulipenda jambo hilo.

"Mtu ameshapona, mnamtafutia nini tena? Aliyelala usimwamshe."

Ukamwambia, "Kaka, mimi nataka kujua kama kweli amelala au anajifanya."

Basi tukawa tunakwenda, mimi na wewe. Mtu aliyeshinda na sindano iliyopinda, ndefu kama kiganja, alipoiona ile ndogo ya maabara aligeukia ukutani! Dada wa maabara alikupendea hapo.

"Fundi, wewe makochi unayachoma mchana kutwa. Umeshasikia yakilia?"

"Hayana mke wa kuyatazama. Fanya upesi, huyu atanitangaza mtaa mzima."

Nami nimeshika kofia yako, namwomba Mungu kimoyomoyo. Majibu yakitoka mazuri hukusema maneno mengi, siku hiyo uliirudia mh yako ya zamani, ile ya ndiyo, tukashuka ngazi tukiwa wepesi.

Kisha ikaja siku ambayo daktari alivua miwani kwanza ndipo akasema. Damu ilikuwa na alama. Wakapima tena baadaye, alama zikazidi. Lakini picha za shingo na za kifua zilikuwa safi, nawe ulikuwa unakula vizuri, unabeba makochi, huumwi popote. Binti yetu mkubwa alikasirika mpaka akalia.

"Baba, uko mzima kabisa! Sasa tuamini kipi, picha au damu?"

Ukamjibu taratibu, "Mwanangu, kochi huletwa kwangu kitambaa kinang'aa. Nikilibonyeza ndipo najua mbao zimeliwa. Waache waendelee kubonyeza."

Wakakufuatilia kwa karibu, na uvimbe ulipojitokeza kwenye pafu ulikuwa bado mdogo. Ukaanza dawa ukiwa na nguvu zako. Mbele za Mungu tusidanganyane, dawa haikuumaliza. Ila ilitusukumia mbele siku ya kuagana, na daktari alituambia wazi kwamba tungengoja mpaka ukohoe, huenda muda ule tusingeupata.

Ni muda huo niliouogopa. Mtu ameambiwa jambo kabla hajaliona, ataishije nalo? Nilikuwa nakutazama ukila, nakutazama ukilala, nikidhani utakaa pembeni uanze kujililia. Wewe ukainua macho ukalitazama kochi letu.

Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo wanavyosema, na gae letu tulilikalia tangu watoto wakiwa wadogo. Sponji nje, springi zimelala, mgeni akikaa inabidi avutwe mkono ndipo ainuke. Kila nilipokukumbusha ulikuwa na jibu moja: "Subiri, mke wangu. Wateja kwanza." Safari hii wateja ndio walioambiwa wasubiri. Ukalivua kochi likabaki mifupa. Ukamwita mwanetu, yule aliyekuwa akiikimbia kazi yako kwa sababu ya vumbi, ukamfundisha kukaza mikanda, na kwa maneno, si kwa mh.

"Vuta! Siyo hivyo, unaubembeleza. Mkanda si mchumba."

"Baba, mikono inauma."

"Ikiuma ndiyo unavuta. Sasa umeanza kazi."

Upande wangu mliujaza ukasimama. Ukaniita nikae.

"Inazama?"

"Haizami."

"Egemea. Sasa?"

"Haizami, Baba Watoto. Nimekuwa mrefu."

Ukafurahi kama mtoto. Nikakuonyesha upande wako, pale palipobonyea kwa umbo lako mwenyewe. Ukasema, "Hapo paache. Pananijua." Ukavuta kitambaa kipya juu ya shimo lilelile.

Hapo ndipo ulipokaa nguvu zilipopungua, chupa mkononi, mimi ubavuni pako nimeinuka juu kama malkia. Hapo tuliombea watoto, tukasameheana yaliyotaka kusamehewa, tukacheka yaliyotaka kuchekwa. Asubuhi ya mwisho nilikuuliza kama unaumia. Ukasema "mh." Ilikuwa ile ya hapana. Nilimshukuru Mungu, na hadi leo namshukuru.

Mwanao ndiye anayefungua karakana sasa. Juzi alikuja na springi mpya mkononi, akapabonyeza pale pako, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ni aibu. Nyumba ya fundi! Nipe siku moja tu, nipainue hapa."

Nikamwambia, "Subiri, mwanangu. Wateja kwanza."

Akanitazama. Kisha akaitia springi mfukoni, akakaa kidogo mahali pako, akaenda kazini.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Na binti zako na waume zao. Na mwanao uliyemwachia nyundo. Na kaka yako mkubwa, ambaye siku hizi ndiye anayewahimiza wenzake wasikwepe vipimo. Na dada wa maabara, aliyeomba atajwe pamoja nasi. Na wateja wako wote, waliokubali kusubiri.

Mungu akupumzishe kwa amani, Fundi. Mahali pako hatupajazi, wala hatutakusahau milele.