Alasiri ya Mwalimu Barnaba

Jumatatu, 3 Novemba

Betri mbili zimejaa. Eriali ilikuwa imeguswa na tawi la mkaratusi tena. Nimelikata. Nimeita hewani saa moja asubuhi kama kawaida, nikajibiwa na jamaa wa Kitale anayependa kueleza magonjwa yake yote. Kisha nikafungua duka. Pasi mbili, birika la umeme, na redio ya mama mmoja wa Soy ambayo panya amezalia ndani.

Mkutano wa chama saa kumi. Tumekubaliana kuwakumbuka wenzetu waliotutoka mwaka huu. Itakuwa Jumamosi ya tarehe kumi na tano, katika ukumbi wa shule aliyofundisha Mwalimu Barnaba. Sisi watu wa redio ya ridhaa, tunaoongea na dunia kwa kupenda tu, hatusemi mwenzetu amekufa. Tunasema amenyamaza. Siku ya kumbukumbu tunaita jina la kituo chake mara tatu, tunasubiri kidogo, kisha tunaendelea.

Mwaka huu ni watatu. Sista Agneta wa misheni, aliyetugombeza sote kwa kuongea bila mpangilio. Mzee Arap Sang' wa Kaptagat, aliyeongea na watu wa mbali kuhusu ng'ombe wake tu. Na Barnaba.

Mimi ndiye mwenyekiti, kwa hivyo mimi ndiye wa kuwaita. Halafu katibu wetu Kibet akasema nimalizie na ile hadithi yangu ya kisiwa, wageni wapate moyo. Wote wakaitikia. Mimi pia nikaitikia.

Jumatano, 5 Novemba

Chepkemoi amekuja dukani. Binti wa mwisho wa Barnaba, ni muuguzi. Alikuwa bado na sare. Anatakiwa kusema machache juu ya baba yake siku hiyo na hana la kusema.

"Mzee Mwaura, nisaidie. Dad alikuwa anakuja hapa kwako every Saturday kufanya nini hasa?"

Nikamwambia tulikuwa tunaongea na watu.

"Watu gani? Mum anasema redio ilimnyang'anya bwana. Hata kupanda mahindi tulikuwa tunapanda bila yeye. Si hata kitu kimoja ya maana kilitoka hapo?"

Kadi ya kisiwa ilikuwa ukutani nyuma ya kichwa chake, kwenye fremu. Nilikuwa naiangalia huku ananiangalia. Sentensi moja tu ilitakiwa. Nikasema baba yake alikuwa rafiki mzuri sana. Akaandika hayo kwenye simu yake, akanishukuru, akaenda zake kazini.

Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 6 Novemba

Niandike basi. Sijawahi kuandika hili popote, hata humu.

Ilikuwa mwaka ule wa mvua nyingi, shule zikiwa zimefungwa. Barnaba alikuwa bado hajapata leseni yake, kwa hivyo alitumia kituo changu hapa dukani, kwa jina la kituo changu. Siku hiyo mimi sikuwepo. Nilikuwa Soy kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya binamu yangu, nakula mbuzi.

Alasiri hiyo Barnaba akasikia sauti dhaifu kabisa. Mtu wa hali ya hewa, kisiwani, mbali kusini kusiko na mji. Mwenzake alikuwa ameanguka kwenye mawe, mguu umevunjika vibaya, damu haikatiki. Redio yao kubwa ilikuwa imeharibiwa na dhoruba, wakabaki na ndogo. Barnaba akafungua dirisha akamwita kwa kelele daktari wa kliniki ya ng'ambo ya barabara. Daktari akasema, Barnaba akarudia hewani, pole pole, neno kwa neno. Funga hapa. Legeza. Hesabu. Funga tena. Masaa manne. Yule mtu akapona, na mguu akabaki nao.

Nilirudi jioni na mafuta ya mbuzi kwenye ndevu. Nikamkuta Barnaba amekaa sakafuni, sauti imekwisha, anakunywa maji.

Miezi ikapita, yule daktari akahamishwa, kadi ikaja. Ni desturi yetu: kituo hukitumia kituo kingine kadi kuthibitisha kwamba viliongea. Kadi huandikwa jina la kituo, si la mtu. Kwa hivyo ilikuja na jina la kituo changu. Nikaipachika ukutani. Siku moja mwandishi wa kijigazeti fulani akapita, akauliza, ni wewe? Nikasema ni kituo changu. Hilo lilikuwa kweli. Akaandika alivyoandika, akanipiga picha, nami nikanyoosha kola.

Nilijiambia namkinga Barnaba. Sheria ilitaka mwenye leseni awe karibu naye, nami nilikuwa Soy. Ikijulikana, leseni yake ingekataliwa. Uongo mzuri huwa na ukweli kidogo ndani, kama iliki kwenye mandazi. Lakini leseni yake ilitoka miezi miwili baada ya gazeti. Sababu ikaisha. Mimi nikaendelea.

Jumamosi iliyofuata gazeti, Barnaba alikuja kama kawaida. Akasema, "Umetoka vizuri kwa picha." Basi. Akakaa, akavaa visikizio.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Mchungaji ametangaza kumbukumbu ya Jumamosi, akanitaja kama mtu aliyeokoa maisha bila kutoka dukani kwake. Watu wakageuka kunitazama. Mke wangu Wanjiru akanipiga kiwiko kwa furaha. Nikatabasamu. Nimekuwa hodari wa tabasamu hilo, halinichukui hata nguvu.

Wajukuu wangu wanaijua hadithi hiyo kwa moyo. Nikisahau mahali wananikumbusha. Kuna sehemu nimeongeza mwenyewe, ile ya radi kupiga nguzo ya umeme hapo nje. Hakukuwa na radi.

Kwenye kadi yule mtu aliandika anashukuru kwa sauti tulivu iliyomshika mkono. Mimi naongea kama mvua ya mawe juu ya mabati, kila mtu Eldoret anajua. Wengi wamesoma kadi hiyo mbele yangu. Hakuna aliyeuliza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko barabara ya Nakuru.

Jumanne, 11 Novemba

Nimetoa daftari la kituo la mwaka ule. Lilikuwa chini ya sanduku la spika.

Kila tukiongea na mtu tunaandika: tarehe, saa, masafa, kituo gani, anasikika vipi. Safu ya mwisho ni herufi za mwanzo za jina la mtu aliyeketi kwenye redio. Siku ile Barnaba aliandika B.K. Mwaka uliofuata wageni kutoka Nairobi walitaka kuona daftari. Nikachukua wembe nikakwaruza B.K., nikaandika J.M. juu yake. Nilifanya taratibu, karatasi isitoboke. Mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linalonisumbua leo, kwamba haukutetemeka.

Barnaba aliona. Alikuwa anafungua kurasa za nyuma kutafuta kitu fulani, akasimama hapo, akakipitisha kidole pale penye kukwaruzwa. Akalifunga. Tangu siku hiyo alikuja na daftari lake mwenyewe, na baadaye akasimamisha eriali yake kule Ainabkoi. Jumamosi aliendelea kuja, sijui kwa nini. Mimi nisingekuja.

Ujinga wangu ni kwamba niligusa herufi mbili tu. Ukurasa mzima ni mwandiko wake, ule wa duara wa ubaoni. Wangu ni kama kuku amepita. Mtu yeyote aliyewahi kupata barua yake angejua.

Nimeamua. Jumamosi nitasema ukweli na nitaonyesha daftari.

Ijumaa, 14 Novemba

Sikula mchana. Wanjiru amepiga pasi suti ya kijivu. Anadhani nina wasiwasi wa kuhutubia. Daftari liko kwenye mkoba. Nimelitoa mara mbili na kulirudisha mara mbili.

Jumamosi, 15 Novemba

Ukumbi ulijaa. Mama Rael, mjane wa Barnaba, alikaa mbele na kitambaa cha bluu kichwani, Chepkemoi ubavuni mwake. Nikamwita Sista Agneta mara tatu, tukasubiri. Nikamwita Arap Sang'. Nikamwita Barnaba, tukasubiri.

Chepkemoi akasema yake. Alisoma haraka. Kwamba baba alikuwa mpole, alipenda redio, na alikuwa rafiki mzuri. Maneno yangu. Watu wakapiga makofi ya heshima, yale mepesi.

Zamu yangu ikafika. Nikasema hadithi ya kisiwa si yangu. Nikasema aliyeongea na yule mtu masaa manne ni Mwalimu Barnaba Kosgei, na mimi nilikuwa Soy. Nilisema wazi kabisa. Kisha mtu akaanza kupiga makofi, ukumbi wote ukasimama.

Kibet akanyakua kipaza sauti. "Mmeona huyu mzee alivyo humble? Amechukua kitu kubwa kabisa ya maisha yake akampatia marehemu! Hiyo ndiyo roho ya chama yetu."

Hawakuniamini. Walidhani natoa zawadi. Makofi yakazidi, mama mmoja akalia, na mkoba ulikuwa pale miguuni pangu na daftari ndani. Kuinama tu. Nikasimama pale nikishukuru kwa kichwa. Nilitaka kuinama, Mungu anajua, lakini makofi yalikuwa matamu. Hata leo. Hata baada ya yote hayo.

Mama Rael hakupiga makofi. Alinitazama kwa utulivu kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema.

Nimekunywa soda mbili na kula keki. Naona aibu hadi kwenye meno.

Jumapili, 16 Novemba

Chepkemoi ameniandikia kwenye simu. "Mzee asante sana. Mum amesema asante kwa kujaribu kutupea moyo. Hata kama si kweli tumeshukuru."

Nimesoma mara nyingi. Sikwenda kanisani. Nimemwambia Wanjiru kichwa kinauma, na papo hapo nikaona hata hilo ni uongo. Nikamwita aketi. Nikamweleza yote, kuanzia Soy hadi wembe. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja, kama Mama Rael anajua. Nikasema nilimwambia jana. Akasema, "Hapana, ulimwambia ukumbi." Akaingia jikoni na kuniacha hapo.

Jumatano, 19 Novemba

Nimekwenda Ainabkoi asubuhi. Baridi. Mama Rael alikuwa uani anaanika mahindi kwenye turubai. Chepkemoi alikuwa nyumbani kwa mapumziko, akatuletea benchi. Nikampa mama daftari bila kuanza na salamu ndefu. Nikamwonyesha ukurasa.

Hakuhitaji maelezo. Alipoona mwandiko tu, akaweka kiganja juu yake. Kisha nikamwonyesha safu ya mwisho, pale penye wembe, nikamwambia ni mimi. Chepkemoi akaushika ukurasa juani na kusoma mistari yote kwa sauti, saa kwa saa, hadi ule wa mwisho baba yake alipoandika kwamba damu imekatika.

Nilikwenda nikijua siri ilikuwa ya watu wawili. Nilidhani niliyemuumiza ni Barnaba peke yake, na kwamba alinivumilia.

Mama Rael akasema, "Aliniambia. Hiyo siku alirudi hapa sauti imeisha, akaniambia ameshikilia mtu wa mbali mpaka akapona. Mimi nikafurahi sana. Nikaambia majirani. Halafu gazeti ikaletwa hapa na picha yako. Majirani wakanicheka. Nikamuuliza, Barnaba, unanidanganya kama mtoto kwa nini?"

Nikauliza alijibu nini.

"Hakujibu. Akaenda kukamua. Tangu hiyo siku nilijua nimeolewa na mtu mwongo. Mzuri, lakini mwongo. Na hiyo neno nilimrudishia kila tukikosana, mpaka akiwa kwa kitanda."

Chepkemoi alikuwa analia. Mama hakulia. Akaniambia niandike. Nikakata J.M. kwa mstari mmoja, nikaandika jina lote la Barnaba pembeni, kwa kuwa safu ni nyembamba. Nikampa pia ile kadi, nikiwa nimeitoa kwenye fremu. Akavitia vyote viwili ndani ya leso yake na kufunga fundo.

Kisha akasimama, akachukua reki, akarudi kwa mahindi yake.

Nimeingia boma lile zaidi ya miaka ishirini. Pale hata dalali wa ng'ombe hunywa chai kwanza, ndipo akataliwe bei. Nilibaki nimekaa kwenye benchi. Jiko lilikuwa linatoa moshi, birika lilikuwa linachemka, nalisikia. Mama Rael aligeuza mahindi mstari wa kwanza, akageuza wa pili. Hakuna aliyeniambia karibu. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka.